Kanzu ya doti moja: kushona kwa mkono vazi la kale la makumbusho

Doti moja ni wari nne, yaani mita 3.66. Ndani ya kitambaa hicho, kikiwa na upana wa sentimita 90, mna kanzu nzima ya mtu mzima: badani (kipande kikuu cha mwili, mbele na nyuma), mikono, taharizi nne (vipande vya pembeni vinavyoipanua chini), vikwapa viwili (miraba ya chini ya mikono), kaba (kitambaa cha ndani cha kuimarisha shingo) na lisani (utepe wa kufunika mpasuo wa kifuani). Kinachobaki ni kidogo. Nilipolijua hilo mara ya kwanza, nikiwa nimepiga magoti sakafuni na karatasi za vipimo zimenizunguka, nilielewa mambo mengi kuhusu mafundi wa pwani ya miaka ya 1890 ambayo maandishi hayakuwa yamenieleza. Kitambaa kilikuwa fedha, na mkato wa kanzu ulibuniwa ili fedha hiyo isimwagike.

Mwongozo huu ni kwa anayejitolea makumbusho na ameombwa ashone nakala ya kanzu ya kale, ile ambayo wanafunzi wataruhusiwa kuigusa na kuivaa. Sihitaji uwe fundi cherehani. Ukiweza kushona kifungo kikakaa, utaweza, ila jipe muda. Yangu ya kwanza ilinichukua wiki tano za jioni.

Hatua ya 1: Jua kanzu ni ya nani

Ombi la kawaida huwa hivi: "Tushonee kanzu ya zamani." Usilikubali likiwa hivyo. Uliza ya mwaka gani, ya mji gani, na ya mtu wa kazi gani. Majibu hayo ndiyo yatakayochagua kitambaa, uzi na shingo.

Mfano ninaoutumia hapa ni kanzu ya fundi seremala wa Mombasa, miaka ya 1890. Mtu huyo angevaa merikani. Jina lenyewe linasema kilikotoka: pamba nzito isiyochujwa rangi, iliyofumwa Marekani na kuletwa na merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na baada ya hapo merikani ikaenea hadi bara, ambako misafara iliitumia kama sarafu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata mzigo huo, na vitambaa vya Uingereza na vya Bombay vikaingia kujaza pengo. Watu wakaendelea kusema merikani. Kwa hiyo kanzu ya 1895 huenda ikaitwa ya merikani na kitambaa chake kimefumwa India, na kwenye maelezo ya vazi ni vyema kuandika "pamba isiyochujwa, aina ya merikani" badala ya kudai imetoka Salem.

Kuna jambo zito zaidi katika swali la nani. Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Pwani ya Kenya ikafuata mwaka 1907. Kabla ya hapo mtumwa wa kiume mara nyingi alionekana na kipande cha merikani kiunoni tu, kichwa wazi, na kanzu na kofia vikawa alama ya mwungwana. Waliopata uhuru walivaa kanzu. Walijinunulia kitambaa kwa pesa zao, wakampelekea fundi, wakaenda nayo msikitini na barazani mchana kweupe. Ukiishika doti ya merikani ukalijua hilo, hutashona ovyo. Ndiyo sababu nasisitiza uandike tangu mwanzo mvaaji wako alikuwa nani na mwaka gani, hata kama ni mstari mmoja wa penseli ukutani juu ya meza yako.

Baada ya hapo chagua aina. Kanzu ya kufuta haina pambo. Kanzu ya ziki ina mishono ya uzi mweupe shingoni. Zipo pia zilizotiwa hariri nyekundu shingoni, kifuani na kwenye vifundo vya mikono, na hizo hazikuwa za kila siku wala za kila mtu. Seremala wetu nampa kanzu ya kufuta, na mistari miwili tu ya uzi mweupe kuishika kaba.

Hatua ya 2: Pima vazi la zamani bila kulichosha

Makumbusho yakiwa na kanzu ya kale ghalani, omba uione, mhifadhi akiwa kando yako. Osha mikono, ikauke kabisa, vua pete na saa. Meza iwe imetandikwa shuka safi. Penseli tu, kalamu ya wino isiingie chumbani. Tumia futi laini ya kitambaa, uilaze kando ya vazi na usiivute juu yake. Usitoboe pini, usilaze karatasi juu ya vazi ukafuata kingo zake kwa penseli, na usimvishe mtu hata kwa dakika moja ya picha. Picha zipigwe bila mwako wa kamera (flashi).

Andika upana wa badani, urefu kutoka begani hadi upindo, urefu na upana wa mkono, urefu wa mpasuo wa kifuani, na mishono mingapi imo katika sentimita moja. Hicho cha mwisho wengi hukisahau. Kisha geuza taratibu ukingo wa chini, uangalie ndani: ndani ndiko fundi alikosema ukweli. Katika kanzu moja niliyoruhusiwa kuipima, kona ya chini ya taharizi ilikuwa imeungwa kipande cha ukubwa wa bahasha. Kitambaa kilikuwa kimemwishia, akaunga. Nakala yako ikipungukiwa mahali kama hapo, unga nawe bila haya.

Kama hakuna vazi la kupima, picha za zamani zitasaidia urefu na namna kanzu ilivyoanguka mwilini. Ila picha za studio uzitazame kwa makini, kwa kuwa wapiga picha wa wakati ule walikuwa na desturi ya kuwavisha na kuwapanga watu walivyotaka wao.

Hatua ya 3: Kitambaa, uzi na vifaa

Maduka ya vitambaa bado yanauza pamba hii kwa jina la marekani au amerikani. Nunua mita 4, si 3.66, kwa kuwa itaruka maji, yaani itapungua ikifuliwa. Choma uzi mmoja uliochomoa ukingoni: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, ukiona donge gumu jeusi, imechanganywa na poliesta, irudishe.

Loweka usiku kucha, ifue kwa maji ya moto na sabuni, ianike, ipige pasi ingali na unyevu. Fanya hivyo mara mbili. Kufua kunamaliza kuruka na pia kunaondoa wanga wa kiwandani, ambao huwaita wadudu wakila kitambaa ghalani. Usiichovye kwenye chai ili ionekane ya zamani. Chai hukausha na kudhoofisha nyuzi, na isitoshe kanzu ya seremala wetu ilikuwa mpya siku aliyoivaa.

Uzi uwe wa pamba mtupu, rangi ya kitambaa chenyewe. Upitishe mara moja juu ya nta ya nyuki usije ukajisokota. Sindano nyembamba fupi, kastabani, mkasi unaokata hadi nchani, futi. Chaki ya rangi huacha doa kwenye merikani. Tumia penseli kwa mkono mwepesi, upande wa ndani. Cherehani iweke kando kwa mradi huu. Mstari wake ni tofauti na wa mkono, na mtoto akigeuza upindo atauona.

Hatua ya 4: Kata

Mafundi wa zamani walipima kwa mwili: mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, shibiri ni nusu yake, mikono miwili ni wari. Jaribu kuipima doti yako hivyo kabla ya kushika futi, ujionee namna mkato unavyogawika kwa mikono na shibiri. Kisha rudi kwenye sentimita, kwa sababu nakala lazima irudiwe na mwingine.

Vipimo hivi vinamfaa mtu wa urefu wa mita 1.70 na kifua cha sentimita 96. Nafasi ya mshono, sentimita 1.5 kila upande, imo ndani yake.

Badani: kipande kimoja, upana 58, urefu 288. Hakina mshono begani. Hukunjwa katikati, mbele ikawa mbele na nyuma ikawa nyuma, kila upande 144.

Pembeni mwa badani umebakiwa na utepe wa upana 32 na urefu 288. Hapo ndipo zinapotoka taharizi. Kata mistatili miwili ya urefu 115. Kila mmoja upasue mshazari, kuanzia sentimita 3 kutoka kona ya juu hadi sentimita 3 kutoka kona ya chini iliyo mkabala. Unapata taharizi nne, kila moja nyembamba juu (3) na pana chini (29). Kwenye utepe huo huo kata vikwapa viwili vya mraba wa 14, na kaba ya 32 kwa 42.

Mikono: kata sentimita 60 za upana wote wa kitambaa, ugawanye katikati. Kila mkono 45 kwa 60.

Lisani: utepe wa 27 kwa 14 kutoka kwenye mabaki, ukunjwe mara mbili kwa urefu wake.

Mtu wa kifua kipana zaidi, ongeza upana wa badani, na ukubali kwamba doti haitatosha au taharizi zitaungwa. Usiibe kwenye vikwapa. Kikwapa kidogo huifanya kanzu ipande juu mtu akiinua mkono, na mwaka wa kwanza haumaliziki kabla hakijachanika.

Hatua ya 5: Shingo kwanza, badani ingali bapa

Hapa niende polepole, maana shingo ndiyo inayoharibu kanzu nyingi. Mimi mwenyewe niliwahi kukata tundu kwanza nikashona baadaye; likanyumbuka, likawa shingo ya gauni. Niliitupa doti nzima.

Tandaza badani, upande wa nje juu. Tafuta katikati ya mkunjo wa mabega, utie alama ya uzi. Laza kaba juu yake, sentimita 8 za kaba zikielekea nyuma na 34 zikielekea mbele. Ipige bandi, yaani mishono mirefu ya muda, isisogee. Sasa chora mstari wa kushonea: upana 14.5, nusu kila upande wa katikati, ukishuka sentimita 2 tu nyuma na 7.5 mbele. Tundu la shingo hukaa mbele ya mkunjo. Ukiliweka katikati sawasawa kanzu itamkaba mvaaji kooni na kurudi nyuma siku nzima. Kutoka chini ya tundu, shusha mpasuo wa shibiri moja, sentimita 22, mistari miwili iliyoachana sentimita moja juu na kukutana kwenye ncha chini.

Shona juu ya mstari huo kwa mshono wa kurudi: sindano inatoka mbele, inarudi nyuma nusu ya hatua, inatoka mbele tena. Mishono mitano au sita kwa sentimita. Kwenye ncha ya mpasuo pita mara mbili. Ukimaliza ndipo ukate, milimita 7 ndani ya mshono kwenye mduara, na katikati kabisa ya mpasuo hadi uzi mmoja kabla ya ncha. Kata vijipande vidogo kuzunguka mduara ili ugeuke bila kukunjamana, uigeuze kaba yote ndani, upige pasi.

Punguza kaba iwe na ukingo wa sentimita 4 kuzunguka, ukunje ukingo wake ndani nusu sentimita, uushone kwenye badani kwa mishono midogo inayochukua nyuzi moja au mbili tu za upande wa nje. Halafu kwa nje piga ile mistari miwili ya uzi mweupe, mmoja karibu na ukingo wa shingo, mwingine sentimita moja kutoka hapo, ushuke nayo pande zote mbili za mpasuo. Lisani ishonee ndani ya ukingo wa kushoto, ifunike kifua. Juu kabisa tia kitanzi cha uzi na kifungo kidogo cha kitambaa.

Hatua ya 6: Mikono, vikwapa, taharizi

Mshono wa kanzu hii ni mmoja kila mahali. Unga pande mbili kwa mshono wa kurudi, sentimita 1.5 kutoka ukingoni. Punguza ukingo mmoja hadi nusu, ukunje ule mrefu juu ya mfupi, ulaze, uushone chini kwa mishono midogo. Ndani hapabaki uzi unaoning'inia. Ni kazi mara mbili, na ndiyo inayofanya kanzu ifuliwe miaka na miaka.

Tia mikono kwanza. Katikati ya upana wa mkono ikutane na mkunjo wa bega, ishone ikiwa bapa.

Halafu kikwapa. Fikiria mraba wenye pembe nne: moja ikae pale mkono unapokutana na badani kwa mbele, ya pili pale unapokutana nayo kwa nyuma, ya tatu ielekee kwenye mkono, ya nne ishuke ubavuni. Pande mbili zinashonwa kwenye mkono, pande mbili kwenye badani. Kwenye pembe usimamishe mshono sentimita 1.5 kabla ya mwisho, la sivyo hautageuka.

Taharizi zinaanzia pale kikwapa kinapoishia. Kila taharizi ina ukingo mmoja ulionyooka na mmoja wa mshazari. Ule wa mshazari uungwe na badani. Zilizonyooka zikutane zenyewe kwa zenyewe ubavuni. Niliwahi kufanya kinyume chake. Mzee mmoja fundi wa Mji wa Kale aliitazama kanzu yangu ikiwa imetundikwa, hata hakuigusa. "Mwanangu, taharizi umezigeuza," akasema. Nilimuuliza amejuaje. Akanionyesha ubavu: mishazari miwili ikishonwa pamoja hakuna cha kuizuia, inanyumbuka kwa uzito wake, upindo unalegea pembeni kama tanga lisilo na upepo. Nilifumua mita mbili na zaidi za mshono, na nilifumua nikimshukuru.

Mwisho funga mkono na ubavu kwa mshono mmoja mrefu, kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kikwapa, na kutoka ncha ya pili hadi chini. Ukipenda mkono uwe mwembamba kifundoni, punguza kidogo kidogo kuanzia kwenye kiwiko, usishuke chini ya sentimita 30 kuzunguka. Sijafu, yaani ukingo wa mwisho wa mkono, kunja ndani sentimita 2.

Hatua ya 7: Iache ining'inie, ndipo ukunje

Itundike usiku kucha kwenye kiango cha nguo chenye mabega mapana. Asubuhi utaona pembeni imeshuka zaidi ya katikati. Mvishe mtu wa kimo kile, simama mbali, kisha upime kutoka sakafuni kuzunguka pote, ukate kilichozidi. Upindo uwe mdogo, sentimita 2 au 3, ukifika kifundo cha mguu. Utakuwa na zaidi ya mita mbili za kushona, nami huifanya kazi hii kwa vikao viwili, kwa sababu mkono uliochoka huvuta uzi na upindo hukunjamana.

Chini ya kanzu avae kikoi, kichwani kofia iliyoshonwa kwa mkono. Kofia ni kazi nyingine kabisa, ya miezi; iazime tu. Joho, jambia na kilemba mwachie tajiri wa maonyesho mengine.

Hatua ya 8: Andika kuwa ni nakala

Ndani ya upindo wa nyuma shona kipande cha kitambaa chenye neno NAKALA, mwaka ulioshona, na namba ambayo makumbusho yameipa. Tumia uzi, kwa kuwa wino hufifia na gundi hula kitambaa. Vitu vya makumbusho huhamishwa, daftari hupotea, na merikani ikishafuliwa miaka thelathini hufanana mno na ya zamani. Anayeifungua kabati baadaye asiingie katika kosa kwa sababu yako.

Kanzu ikirudi kutoka kwa wanafunzi, ipepee kivulini kabla ya kuikunja. Ghalani iwe kwenye karatasi isiyo na asidi au shuka ya pamba iliyofuliwa, kamwe si mfuko wa plastiki; unyevu wa pwani ukifungiwa humo, ukungu unaota. Kila mara uikunje mahali tofauti.

Kipande cha mabaki cha sentimita 18, kibiringita cha uzi uliobaki na karatasi ya vipimo vitie katika bahasha moja, uifunge pamoja na kanzu. Kikwapa cha kulia ndicho kitakachoachia kwanza, na atakayekitengeneza atataka kitambaa cha doti ile ile.